Nondo zinaoza ndani ya slebu (sakafu ya zege ya ghorofa), mthamini kaandika "hali nzuri": namdai nani?

Swali: Asalaam aleikum. Mie niko Chake, mwaka juzi nimenunua nyumba ya ghorofa moja Unguja, upande wa Tomondo, kwa mkopo wa benki. Benki ikaleta mthamini wake, ada nikalipa mie, ripoti ikasema nyumba iko katika hali nzuri. Haujapita mwaka na nusu dari ya chini inadondoka vipande, nondo zaonekana nyekundu zimekula kutu. Fundi kaja kasema mchanga uliotumika ni wa pwani. Jee, naweza kumdai mthamini?

Jibu: Waaleikum salaam dada yangu, pole sana, na kwanza kabisa kama kuna watoto wanalala chini ya dari hiyo wahamishe leo, mengine tutazungumza.

Fundi wako yawezekana kasema kweli. Nondo ndani ya zege ina ulinzi wake, simenti inaifanyia kama kijingozi chembamba kisichopitisha kutu, sasa chumvi ikiingia kingozi kile kinatoboka, na kutu ikianza inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, mara mbili na zaidi, kwa hivyo zege inasukumwa kwa ndani mpaka ipasuke. Mchanga wa pwani ukitumika bila kuoshwa vizuri kwa maji matamu unakuja na chumvi yake tayari. Lakini usimkamate mchanga peke yake. Nyumba nyingi nilizoziona, nondo zimelazwa karibu kugusa mbao za chini za kumwagia zege, hakuna hata sentimita mbili za zege ya kuzifunika, na hewa yetu hii ya bahari inamaliza kazi. Ndio maana kabla ya kumshtaki mtu yeyote unataka kipande cha zege kipimwe chumvi maabara, maneno ya fundi peke yake mbele ya hakimu hayasimami.

Haya, mthamini. Watu wanachanganya mthamini na mkaguzi wa majengo. Mthamini kazi yake ni kusema nyumba ina thamani gani, anatizama kwa macho, hachimbi, havunji plasta, hapimi zege. Kwa hivyo kilichofichika ndani ya slebu siku ile hakimuhusu, hata kama kimekuja kukuumiza. Kinachomuhusu ni kile ambacho mthamini mwenzake wa kawaida, mwenye macho mawili na akili timamu, angekiona na kukiandika. Kesi yako yote iko hapo: siku aliyokuja, dari ilikuwaje?

Na kutu ya nondo ina alama zake bwana. Ufa wake haupindi pindi kama ufa wa plasta, unakwenda mstari, na wa pili uko pembeni yake umbali ule ule, kama mtu kapiga rula, kwa sababu unafuata nondo. Halafu doa la rangi ya chai linalorudi hata ukipaka rangi. Mie hutembea na kijiti, nagonga nacho dari, pazima panalia ko ko, palipoachana panalia kama dafu tupu. Na nikuambie aibu yangu: zamani niliwahi kuingia nyumba rangi ya dari inanuka bado, vyumba vyengine vyote rangi kuukuu, nikaandika "dari imepakwa rangi upya" nikajiona nimefanya kazi, sikuuliza kwa nini dari tu. Mnunuzi alinipigia simu mwaka uliofuata. Sikushtakiwa, lakini tangu siku hiyo rangi mpya inanitia wasiwasi kuliko rangi chafu.

Kama slebu yako ilikuwa imefunikwa kwa chini na dari ya jipsamu basi mthamini ana utetezi, hakuiona. Lakini tizama alivyoandika! Akiandika "slebu haikuonekana, imefunikwa" kajiokoa, akiandika "slebu iko nzuri" wakati jipsamu imeifunika, kajifunga kamba mwenyewe maana kathibitisha kitu ambacho hakukiona.

Atakwambia pia ripoti ni ya benki, sio yako, na chini kuna mstari unaosema asiulizwe na mwengine. Hili limeshapigwa mahakamani Uingereza, kesi ya Smith na Eric S Bush, Baraza la Mabwana, wakati ule ndio mahakama ya juu kabisa kule, liliamua 1989. Bibi alinunua nyumba Norwich kwa mkopo, mthamini wa mkopeshaji akasema hakuna matengenezo makubwa ya lazima, kumbe ukuta unaobeba dohani ulishaondolewa chini na dohani imebaki inaning'inia, baada ya miezi kama 18 ikashuka mpaka chumba cha kulala. Mabwana wakasema mthamini alijua mnunuzi ndie anaelipa na ndie atakaeitegemea ripoti, mstari wa kujitoa haukumsaidia. Hakimu wetu hafungwi na hukumu hiyo, lakini wakili wako anaweza kuitumia kama hoja, na wewe risiti ya ada ni dhahabu. Ila usichukue ile sheria ya wathamini ya 2016 ukaja nayo, ile ya Tanzania Bara, nyumba yako iko Zanzibar.

Wamarekani nao walipata yao, baada ya vimbunga vya 2004 na 2005 ziliingia mbao za jipsamu kutoka China zikawa zinatoa gesi ya salfa, nyumba zinanuka mayai viza na shaba za eyakondishen zinageuka nyeusi. Nionavyo mie, ndani ya ukuta mthamini haoni, lakini akinusa harufu ile akanyamaza, ana la kujibu.

Pesa sasa, hapa wengi wanavunjika moyo. Ukimshinda mthamini, kwa kawaida hulipwi gharama ya kutengeneza, unalipwa tofauti ya thamani siku ile. Mfano tu: kaandika milioni 120, na ubovu wake ilikuwa yafaa 95, basi dai ni 25 hata kama fundi anataka 40. Kwa hivyo muuzaji na aliejenga ndio wa mwanzo kuwafuata, khasa kama muuzaji alijua akapaka rangi kuficha, mthamini ni wa tatu.

Usikwangue wala usipake kitu. Piga picha zenye tarehe, weka vipande vilivyodondoka kwenye mfuko na andika vimetoka chumba gani, tafuta picha za siku ya kununua hata zile za dalali kwenye wasap, omba benki nakala kamili ya ripoti, sio ukurasa wa mwisho tu, halafu muone wakili mapema maana muda wa kudai una mwisho wake. Ukiipata ripoti nitumie ule ukurasa wa hali ya jengo nikutizamie.