Amplifaya ya moyo imeganda: tatizo liko wapi?

Swali: Assalaam alaykum, mhandisi. Kwetu Wete, nasomea elektroniki Unguja. Nimeunga amplifaya ya kupima umeme wa moyo, hatua ya kwanza inakuza mara 1,000. Volti inayotoka imeganda pale pale, karibu na ile ya betri. Nikipunguza ukuzaji, naona mawimbi ya hezi 50 tu. Baadaye nataka kubuni chipu yenyewe. Nianzie wapi?

Jibu: Waalaykum salaam, mwanangu. Kabla ya yote: kama kompyuta uliyoiunga na saketi imechomekwa ukutani, ichomoe. Saketi iliyoshikizwa kifuani mwa mtu itumie betri peke yake, na hilo halina mjadala.

Umeme wa moyo ukifika juu ya ngozi ni kiasi cha milivolti 1. Lakini elektrodi, kile kibandiko kinachopokea umeme, ikigusa ngozi nayo huzaa volti yake ya kudumu, na tofauti baina ya elektrodi mbili huweza kufika milivolti 300. Zidisha hiyo kwa 1,000 upate volti 300; betri yako ni ya volti ngapi? Basi hatua ya kwanza ikuze mara 10 hivi, halafu kapasita izuie ile volti ya kudumu, ndipo ukuze utakavyo. Ukitaka mdundo tu, pitisha kuanzia hezi 0.5. Daktari anayesoma umbo la wimbi anahitaji kuanzia 0.05.

Hayo mawimbi ya hezi 50 yanatoka kwenye nyaya za nyumba, na hufika kwenye elektrodi zote mbili karibu sawasawa. Tumia amplifaya inayotoa tofauti ya elektrodi hizo na kufifisha kinacholingana, angalau mara 100,000. Elektrodi ya tatu, mguu wa kulia, irudishe mwilini kile kinacholingana kikiwa kimegeuzwa. Na uangalie jeli iliyo baina ya elektrodi na ngozi: elektrodi moja ikikauka, ulinganifu umekwenda, na wimbi litarudi hata saketi iwe nzuri vipi.

Ndani ya chipu kazi ngumu ni kelele, yaani umeme wa ovyo unaojichanganya na ishara. Transista za MOS, zile zinazotumika kwenye chipu nyingi, zina kelele nyingi kwenye masafa ya chini, na ishara za mwili ziko huko huko. Dawa moja ni kuzifanya transista za mwanzo ziwe kubwa. Nyingine ni kuipandisha ishara kwenye masafa ya juu, kuikuza, kisha kuishusha. Mwaka 2003 watafiti Reid Harrison na Cameron Charles walionyesha amplifaya ya neva yenye kapasita pale ishara inapoingilia, kelele mikrovolti 2.2 tu, kwa mikrowati 80. Isome hiyo kwa makini.

Zana zipo bure: ngspice, programu ya kuigiza saketi kwenye kompyuta, pamoja na data za SkyWater, kiwanda cha chipu, za teknolojia yake ya nanomita 130, zilizofunguliwa 2020. Anza na zile transista mbili za mwanzo zinazopokea ishara, upime humo kelele yake kwenye hezi 1.