Nimepewa onyo kazini kisa nywele zangu za kipilipili, sheria inanilinda?

SWALI: Shikamoo anti. Naishi Tabata, nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja hapa mjini, mwaka wa pili sasa. Tangu nimekata nywele za dawa nikaacha za kwangu za kipilipili meneja hanipi raha, juzi nimesuka twende kilioni akanipa barua ya onyo eti "muonekano usio nadhifu", niweke dawa au nivae wigi, wakati mwenzangu ana wigi mpaka kiunoni ndo anaitwa smati. Hiyo dawa inanichubua kichwa mpaka natoka vidonda. Shosti wangu kaniambia Marekani kuna sheria inaitwa CROWN Act, ya kukataza mtu kubaguliwa kisa nywele zake za asili, naweza nikaitumia hapa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole. Hiyo sheria ipo kweli ila haifiki Tabata, na hata huko kwao si nchi nzima, California ndo walianza mwaka 2019, majimbo mengine yakafuata moja moja, ya taifa zima ikapita Bunge la Wawakilishi 2022 ikakwamia Seneti. Nyuma yake kuna dada mmoja wa Alabama alinyimwa kazi 2010 kwa sababu aligoma kukata dredi, kesi ikafika mahakama ya rufaa na 2016 akashindwa, majaji wakasema dredi ni mtindo tu, mtu anaweza kubadilisha, sio kama rangi ya ngozi.

Sasa kwetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa rangi, kabila, jinsia, dini, ujauzito, ulemavu na mengine, nywele humo hamna, nisikudanganye. Ndo maana mimi ningeanza na makaratasi. Ijibu hiyo barua kwa maandishi, uliza kanuni ya mavazi ya hotelini imeandikwa wapi na twende kilioni imekatazwa mstari gani, ambatanisha na cheti cha daktari kuhusu hivyo vidonda, kopi ibaki kwako. (Mswahili kumwambia Mswahili mwenzie nywele alizozaliwa nazo ni uchafu, mimi hata sielewi inaanzia wapi.)

Wakikufukuza, wewe umeshavuka miezi sita kwa hiyo lazima wawe na sababu ya msingi na wafuate utaratibu, aliye chini ya hapo hana kinga hiyo. Una siku 30 tu kupeleka malalamiko CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, unajaza fomu namba moja, na usije ukakaa unasubiri meneja abadilishe mawazo siku zikakuishia.

Halafu hiyo barua ya onyo wakikwambia usaini, saini, ila pembeni andika kwa mkono wako "nimepokea, sikubaliani", na tarehe.