Jibu: Wi-Fi inashika lakini intaneti haifunguki

Salaam, ndugu wa Jinja. Umeeleza kwamba tangu umeme ukatike Jumamosi, ruta inawaka na simu zinashika Wi-Fi, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Tafadhali usikimbilie kile kitundu cha nyuma cha "reset", kinachorudisha ruta kwenye mipangilio ya kiwandani. Chomoa waya wa umeme, subiri nusu dakika, uchomeke tena, kisha uiache dakika 3 hivi.

Ikikataa, kagua adapta, yaani kile kichwa cha waya wa umeme kinachochomekwa ukutani. Yangu hapa Ntinda iliharibika umeme uliporudi kwa kishindo, nami nikabonyeza kitundu mara mbili bure, kumbe ruta ilikuwa haipati nguvu ya kutosha na taa ya intaneti ilikuwa ikiwaka na kuzimika. Soma volti zilizoandikwa chini ya ruta, mara nyingi 12 au 9, uazime adapta yenye volti zilezile na ampea (kiasi cha mkondo wa umeme) zisizopungua zile za adapta yako.

Hayo yakishindikana, ndipo uingize pini ruta ikiwa imewashwa, ubonyeze sekunde 10 au zaidi hadi taa zimemete. Kabla ya hapo, mwombe mtoa huduma jina la mtumiaji na nywila ya muunganisho, kwa sababu mipangilio yote hufutika, nawe utalazimika kuiandika upya kwa kufungua kwenye kivinjari anwani 192.168.1.1 au ile iliyo kwenye kibandiko cha ruta.