Taimingi ya Honda ATC90: anza na cheni, pointi zitafuata

Honda walianza kuuza vyombo hivi vya matairi matatu Marekani mwaka 1970, kwa jina la US90, na baadaye vikaitwa ATC90. Huku Ohio ninakoishi bado unavikuta kwenye mabanda ya mashambani, vimefunikwa turubai, na mwenye mali anakwambia, "Kinawaka vizuri, ila hakina nguvu." Ukifungua unakuta skrubu za sahani ya pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche) zimechakaa vichwa. Maana yake kuna mtu alilegeza sahani, akaizungusha huku anasikiliza mlio, alipoufurahia akakaza. Kabureta unaweza kuiset kwa sikio. Taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche, hapana.

Aliyewahi kufungua pikipiki ya Honda C90 ya zamani kule nyumbani hatapotea. Injini ni ya ukoo uleule: silinda moja iliyolala, kamshafti (shafti inayofungua valvu) iko kwenye hedi, na pointi zimefungwa hapohapo kwenye hedi, mwisho wa kamshafti. Kwa hiyo pointi zinaendeshwa na kamshafti, na kamshafti inaendeshwa na cheni iliyo ndani ya injini. Cheni ikilegea au ikiruka jino, moto wa plagi unapotea njia hata kama pointi hazijaguswa. Ndiyo maana mimi huanzia huko.

Toa plagi ili injini izunguke kirahisi, toa starta ya kamba uione flaiwili (gurudumu zito mwishoni mwa kranki), kisha izungushe kuelekea upande inakozunguka injini ikiwaka. Alama ya T ikikutana na alama iliyo kwenye bodi ya injini, pistoni iko juu kabisa. Lakini pistoni hufika juu mara mbili katika kila mzunguko wa kazi, na unayoitaka ni ile ya kompresheni. Fungua vifuniko vya valvu, utikise roka (mikono inayosukuma valvu) kwa vidole: zote mbili zikiwa na uchezaji kidogo, upo penyewe. Kama moja imekaza, zungusha flaiwili duru moja zaidi. Ukiwa hapo pima nafasi ya valvu, milimita 0.05, injini ikiwa baridi kabisa. Halafu angalia sproketi ya kamshafti: alama yake ya O ielekeane na mkato ulio kwenye hedi. Kama imepishana kwa jino zima, usiguse pointi mpaka urekebishe hilo kwanza.

Sasa pointi. Zikiwa zimefunguka kwa upana wake wote, nafasi iwe kati ya milimita 0.3 na 0.4. Fila geji, bamba jembamba la kupimia nafasi, ifute kwanza, kwa sababu huja na mafuta, na tone moja tu likibaki kati ya pointi plagi haitoi cheche na utahangaika bure na koili. Mimi hupitisha kipande cha kadi safi katikati ya pointi, nakivuta, nakitazama. Kikitoka na weusi, narudia. Nafasi isetiwe kabla ya kugusa sahani, maana ukiipanua pointi zinafunguka mapema na moto unawahi, ukiibana moto unachelewa. Ukibadilisha nafasi baada ya kuset taimingi, umeifuta kazi yako yote.

Hatua inayowasumbua wengi ni ya taa. Wanafunga taa ndogo na betri kwenye waya wa pointi, wanazungusha flaiwili, taa haizimiki. Pointi hazina kosa. Chombo hiki kinatumia magneti, na waya ule umeungana na koili iliyo nyuma ya flaiwili, ambayo nayo imeshika bodi, kwa hiyo umeme una njia nyingine ya kupita. Chomoa muungano huo, ubaki na waya wa pointi peke yake. Hapo taa itawaka pointi zikiwa zimegusana na kuzima zinapoachana. Zungusha taratibu: taa izimike pale alama ya F ya flaiwili, ya moto wa plagi, inapofika kwenye alama ya bodi. Ikizimika kabla ya F, moto unawahi. Ikizimika baada, unachelewa. Legeza skrubu za sahani nusu tu. Kuizungusha kinyume na mwendo wa kamshafti kunawahisha moto, kufuata mwendo kunachelewesha. Isogeze kidogo sana, kwani kamshafti huzunguka nusu ya kasi ya kranki, na digrii moja ya sahani ni digrii mbili kwenye flaiwili. Kaza, kisha pima tena, kwa sababu skrubu zikikazwa huivuta sahani.

Moto unaowahi utaujua mkononi: ukivuta kamba, inakurudishia kwa hasira. Unaochelewa hufanya injini ipate joto upesi, ikose nguvu mlimani na kupiga mshindo kwenye egzosi.

Kama sahani imefika mwisho wake na F bado haipatikani, kuna kitu kimechakaa: kisigino cha pointi (sehemu inayosukumwa na kamu) au cheni yenyewe. Kuna pia ufunguo mdogo unaoshikilia flaiwili kwenye kranki. Ukikatika, alama zote zinakudanganya.

Ukiwa na taa ya kumulika taimingi, itie betri ya pembeni. Injini ikinguruma taratibu bila kuongezewa mafuta F itulie mahali pake, na ukiongeza mafuta alama zihame kwenda mapema bila kukwama. Zisipohama, vizito vilivyo nyuma ya sahani, vinavyowahisha moto kasi ikipanda, vimegandishwa na grisi kavu: visafishe na uvipake mafuta mepesi. Zikirukaruka mbele na nyuma, hiyo ni cheni.

Majaribio yafanyie mahali tambarare, umevaa helmeti. Ekseli ya nyuma haina difrensho ya kuyaacha matairi yazunguke kwa kasi tofauti, na chombo hupinduka kirahisi kwenye kona. Kwa sababu ya ajali, watengenezaji walikubali kuacha kuuza aina hii Marekani, makubaliano yaliyopitishwa na mahakama mwaka 1988. Na kama chako ni cha miaka ya 80 chenye CDI (mfumo wa moto wa kielektroniki), hakina pointi za kuset, lakini alama za cheni na nafasi ya valvu bado ukaguzi wake ni ule wa mwanzo, ila chukua vipimo vya modeli yako.