BCAA kwa mkimbiaji wa mita 800

Mdogo wangu, umeuliza kama ununue kopo la BCAA, ule unga wa kuongeza lishe wanaouziwa wanamichezo, ili miguu isikuishie nguvu mita 200 za mwisho. Usinunue. Mle mna asidi amino (vijenzi vya protini) tatu tu: lusini, isolusini na valini. Misuli inajengwa kwa zote tisa ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza wenyewe, na sahani ya ugali na maharage inazo zote. Kati ya hizo tisa, mahindi yana lisini kidogo, maharage yanayo tele. Maharage yamepungukiwa methionini, mahindi yanaziba. Ongeza mayai mawili, hayo peke yake yana gramu 12 hivi za protini. Kwa kilo zako 60, lenga gramu 85 hadi 120 za protini kwa siku.

Ule moto wa mapaja ni jambo jingine, na hapo beta-alanini, asidi amino nyingine inayouzwa kama kirutubisho, ndiyo yenye ushahidi. Inaongeza karnosini, kemikali ya ndani ya misuli inayopunguza makali ya asidi kwenye mbio za dakika moja hadi nne, yaani mbio zako hasa. Ila ukiinywa asubuhi ya mashindano haitakufaa. Ni gramu 3 hadi 6 kila siku kwa wiki nne hivi, ukiigawa kidogo kidogo. Mimi niliwahi kuinywa yote kwa mkupuo, uso na masikio vikanichonyota karibu saa nzima. Haina madhara, lakini inatisha.

Tena tafadhali, kama unashindana rasmi, chukua iliyopimwa na maabara huru tu. Kikikutwa kitu kilichokatazwa kwenye mkojo wako, anayefungiwa ni wewe, si muuzaji.