Kuuimba Wimbo wa Mwenzako kwa Mtindo Wako

SWALI: Mhariri, asalaam aleikum. Mimi ni mwimbaji katika bendi ya vijana inayotumbuiza kwenye hoteli za Nyali na Bamburi. Wimbo wa "Malaika" tumeutia mwendo wa chakacha, ile ngoma ya Pwani, na wageni huinuka kucheza, lakini wazee wetu wa Mji wa Kale wanasema tumeuharibu. Je, msanii ana mipaka anapouimba wimbo wa mwingine? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Chakacha peke yake haiwezi kuuharibu wimbo huo. Baada ya Fadhili William kuurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba kwa utulivu, Boney M. wakautoa kwa mtindo wao mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin akaurekodi kwa namna yake mwaka 1991, nao ungali unapendwa.

Hata hapa Mombasa hatujapata kuogopa sauti ya kuazima. Marehemu Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, alizichukua lahani, yaani tuni, za filamu za Kihindi akaziimbia mashairi ya Kiswahili, mengine yakiwa ya mshairi Ahmad Nassir, na watu wa Pwani wakazipokea kama zao, kwa kuwa lahani ilipofika mikononi mwake ililazimika kulitii shairi. Ndiyo maana nashuku kwamba wanachokilalamikia wazee wenu ni maneno, wala si ngoma. "Malaika" ni kilio cha kijana ambaye angemwoa mpenzi wake lau si ufukara, na huzuni yote ya wimbo imebebwa na kiambishi kidogo cha "-nge-", ambacho ndicho cha kwanza kumezwa mwimbaji anapokimbizana na ngoma. Kikishamezwa, msikilizaji anayejua Kiswahili husikia habari ya harusi mahali palipokuwa na msiba wa moyo. Naye mgeni anayecheza hawezi kukuonyesha kosa hilo.

Kwa hiyo yasomeni maneno kwa sauti bila ala yoyote, mkiangalia mkazo unapoangukia, ambao kwa kawaida huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kisha ngoma ifuate hapo. Mimi ningeipunguza chakacha katika beti, nikaiachia ishamiri kwenye kiitikio, na kinanda kikajibu baina ya mistari badala ya kupiga juu ya sauti ya mwimbaji. Halafu warudieni wazee hao kwa adabu, muwaulize ni neno gani hasa lililowachoma.

Mkitaka kuurekodi, ombeni kwanza ruhusa kwa wenye haki, kwani sheria ya Kenya humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki, na kubadilisha mwendo hakuufanyi utunzi huo kuwa wenu.