Fomu yako haina lebo, ndiyo maana kisoma skrini hakitaji jina

Mkuu, umesema mtumiaji asiyeona akifika kwenye fomu yako ya usajili anasikia tu kwamba kuna sehemu ya kujaza na ni tupu, wakati "Namba ya simu" imeandikwa wazi juu ya kisanduku. Jicho linaviunganisha kwa sababu viko karibu. Kisoma skrini, yaani programu inayomsomea kwa sauti, hakijui ukaribu, kinafuata msimbo. Maneno yakikaa ndani ya `div` au `span`, kisanduku hakina jina. Andika hivi:

`<label for="simu">Namba ya simu</label>`
`<input id="simu" type="tel" autocomplete="tel">`

`for` na `id` zilingane herufi kwa herufi, na `id` isijirudie popote kwenye ukurasa. Hapo ndipo wengi wanakwama: mtu ananakili kisanduku cha simu atengeneze cha mdhamini, anasahau kubadilisha `id`, lebo zote mbili zinaelekea kisanduku cha kwanza, cha pili kinabaki bila jina. Usihamishie maneno kwenye `placeholder`, yale maandishi hafifu ndani ya kisanduku, ukadhani umemaliza. Yanatoweka mara tu mtu anapoanza kuandika, na aliyesahau alichoulizwa hana pa kurejea. Wala usitumie `type="number"` kwa simu: kishale cha juu kwenye kibodi kinaongeza moja kimyakimya, na sifuri ya 07 inaweza kupotea.

Kisha tazama mwanzo wa ukurasa. Templeti nyingi huja na `lang="en"`, basi sauti ya Kiingereza ndiyo inayosoma Kiswahili chako; "wake" na "pole" zinatamkwa kama maneno ya Waingereza. Weka `<html lang="sw">`. NVDA, mojawapo ya visoma skrini, huja na sauti ya eSpeak NG, ambayo Kiswahili inakijua.

Kosa likitokea, kisanduku chekundu peke yake hakimwambii kitu asiyeona. Andika ujumbe kamili, "Namba iwe na tarakimu 10, ianze na 0", uupe `id`, uunganishe na kisanduku kwa `aria-describedby`, ongeza `aria-invalid="true"` inayosema kisanduku kina kosa, halafu umpeleke mtumiaji kwenye kisanduku cha kwanza chenye kosa.

"Tuma" iwe `button` halisi. `Div` yenye `onclick` Tab inairuka. Futa `outline: none`, inayoficha mstari unaozunguka sehemu uliyofikia, maana anayetumia kibodi hataona yuko wapi. Maandishi ya kijivu #777777 juu ya nyeupe yana utofauti wa rangi wa 4.48 kwa 1, chini ya 4.5 inayotakiwa na WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na wote; #767676 inapita.

Kupima: weka kipanya pembeni, ujaze fomu yote kwa Tab, Shift+Tab na Enter. Halafu washa NVDA, ni ya bure kwa Windows, zima skrini, bonyeza F uruke kisanduku hadi kisanduku. Programu za ukaguzi zitakuambia lebo ipo. Hazitajua kwamba "Namba" haikusema kama ni ya simu au ya kitambulisho. Hilo mpe mtu asiyeona alipime, na umlipe muda wake.